Ndoo ya Kutemea na Muratina ya Mzee Mutiso

Mliniomba niandike kitu kuhusu kazi yetu kabla sijasahau. Basi nimeketi kibarazani hapa nyumbani Ronge, birika la chai pembeni, nikiwaandikia ninyi mlioirithi meza yangu ya kuonjea. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Kwanza hazina ladha, na pili mtu akikitazama hiki kibaraza ambacho hakijatiwa sakafu atazijua mwenyewe. Nitawaambia habari za mdomo. Miaka yangu yote kazini nililipwa kwa sababu ya mdomo, na sivyo wanavyofikiri majirani zangu.

Nilipoajiriwa, kiwanda kilikuwa chumba kimoja cha mabati nje kidogo ya mji wa Voi, na kilichuja asali tu. Kazi yangu ilikuwa kufungua kila ndoo iliyoletwa, kuchovya kijiti, kuonja na kusema imetoka wapi, maana walikuwapo watu waliotuletea sukari iliyochemshwa na kutuapia kwa jina la Mungu kwamba ni asali. Asali ya nyika ya Voi, ya maua ya migunga, ni nyeupe nyeupe na haikawii kuganda. Ya kwetu milimani ni nyeusi na ina uchungu kidogo mwishoni. Ya upande wa Mwatate, kwenye mashamba ya katani, inanuka kamba iliyolowa, na wanunuzi huikataa mpaka waionje. Ya Chala niliitambua hata kabla ya kuonja, kwa kuwa aliyeileta aliziba ndoo zake kwa majani ya mgomba.

Kisha mwenye kiwanda akasafiri, akanywa kitu hotelini huko alikokwenda, akarudi akisema tutatengeneza mvinyo wa asali. Sote tulidhani ni homa ya safari na itapita. Haikupita. Wiki iliyofuata alimleta Mzee Mutiso.

Mzee Mutiso alikuwa Mkamba aliyehamia Voi zamani, mrefu, mwembamba, mwenye koti moja la kahawia alilovaa jua likiwaka na mvua ikinyesha. Kwao walitengeneza uki, pombe ya asali ya wazee, naye aliijua kazi hiyo tangu kwa babake. Mwenye kiwanda alimwambia achague mtu mmoja wa kumfundisha kuonja. Akanichagua mimi. Wenzangu waliuliza kwa nini Mtaita, tena mwanamke, tena wa kwaya. Mzee alisema, "Huyu ndiye peke yake sijamsikia akisifu chai ya hapa."

Siku ya kwanza ya mafunzo alinirudisha nyumbani. Nilikuwa nimejipaka mafuta mazuri, nimevaa kitambaa kipya, nimekunywa chai ya tangawizi. Akaninusa kutoka mlangoni.

"Wakesho, hayo mafuta ni ya nini?"

"Ni ya kawaida tu, Mzee."

"Basi leo utaonja hayo. Kesho uje bila mafuta, bila sabuni ya kunukia, na usikaange vitunguu asubuhi."

Kwa hiyo mume wangu alikula mayai bila vitunguu mpaka Mungu alipomchukua, na kila Jumatatu alinikumbusha. Siku ya pili Mzee alinipa kipande cha ugali wa jana, baridi, usio na chumvi, nikitafune ili kusafisha mdomo. Mkate una sukari, alisema, na maji peke yake hayafuti kitu. Mpaka leo mnaniona na ugali wangu kwenye karatasi, mnacheka. Chekeni, lakini utafuneni.

Kuonja kwenyewe mnakujua, ila nitarudia kwa sababu wengine wenu mna haraka. Mimina kidogo, theluthi ya glasi. Itazame kwenye mwanga wa dirisha, si wa taa. Nusa mara ya kwanza mdomo umefungwa, mara ya pili umefunguliwa kidogo. Piga funda dogo, lizungushe, lipitishie pumzi, kisha tema kwenye ndoo. Ndiyo, tema. Mezani hatumezi, kwa kuwa anayemeza glasi ya kwanza anaidanganya ya tano. Pasta wetu aliponiita kuniuliza kazi gani hii muumini anafanya, nilimweleza habari za ndoo. Akafikiri kidogo, akasema kutema si dhambi. Tangu siku hiyo ndoo ile niliiheshimu sana, na kwa miaka mingi haikuniona nikimeza.

Mzee alinikataza neno moja tu, nalo ni "tamu". "Tamu ni ya watoto," alisema. "Niambie iko wapi mdomoni, na inakukumbusha nini." Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuna mvinyo wa asali wa aina nyingi kuliko nilivyodhani. Mkavu, ambao hamira imekula sukari yote ukabaki harufu ya maua tu, watalii wa kambi za mbugani huupenda na wenyeji huuliza nani ameiba asali. Mtamu, mzito, unaokaa nyuma ya meno, ni wa harusi. Wa mapovu unachangamsha ncha ya ulimi, lakini mapovu huficha makosa mengi, kwa hiyo uacheni utulie kabla ya kuusifu. Wa viungo una karafuu, tangawizi na mdalasini, na mtengenezaji akizidisha kimoja unakuwa pilau. Wa pasheni huwa mzuri mwaka mmoja kisha unachoka. Wa asali iliyochomwa sufuriani mpaka ikawa nyeusi ndio nilioupenda zaidi kati ya ile ya chupa. Unakumbusha ukoko wa viazi vitamu vilivyochomwa majivuni, na ukitaka kuuelewa lazima uupe muda.

Hiyo yote tuliitengeneza kwa hamira ya paketi. Pipa moja tu, dogo, lililokaa pembeni upande wa jiko, lilikuwa la Mzee mwenyewe. Hilo alilitia muratina.

Wale wachanga kati yenu hamjaiona muratina ya kweli. Ni tunda la mwegea, lile refu linaloning'inia kama soseji kubwa. Hukatwa, hutolewa mbegu na uchungu, hukaushwa, halafu hulishwa asali na pombe ya zamani mpaka nyuzi zake zinajaa hamira yake yenyewe. Ukitia kipande kwenye maji na asali, ndicho kinachochachusha. Pombe ikiiva unakitoa, unakianika, unakihifadhi kwa mara nyingine. Vipande vya Mzee Mutiso vilitoka kwa babake, na babake alipewa na babake. Hakuviacha kiwandani hata siku moja. Alisema uwanja wetu una vumbi la malori, kwa hiyo kila pipa lilipoiva alivitia kwenye kiondo, akaenda navyo kwake, akavianika kwenye mkeka nyuma ya nyumba.

Nitajaribu kuwaeleza ladha ile, ingawa mnajua sisifu ovyo. Mwanzo ulikuwa mkavu, kama gamba la mti. Katikati moshi kidogo. Ukishatema unafikiri yameisha, unainua glasi nyingine, na hapo utamu unarudi kutoka nyuma ya koo, polepole, kama mgeni aliyekwisha kuaga akarudi kuchukua kofia yake. Nilimwambia Mzee hivyo. Alicheka mpaka akashika pipa. Kuanzia siku hiyo, kila pipa lilipofunguliwa aliniuliza, "Wakesho, iko?" Nami nikasubiri, kisha nikajibu, "Iko. Imerudia kofia."

Niliipenda ladha ile kuliko vitu vingi ninavyopaswa kuvipenda. Nasema wazi kwa sababu nimestaafu.

Kisha mwana wa Mzee akaoa. Mkewe, Mghoi, alitoka Wundanyi, kwenye nyumba ya watu wa kanisa ambao pombe haikuwahi kuvuka kizingiti chao. Alikuwa mchapakazi, mpole, mwenye hamu kubwa ya kupendwa ukweni. Siku moja alipita nyuma ya nyumba akaona mkekani vipande vya kahawia vyenye nyuzi nyuzi, vinanuka uchachu, vimezingirwa na nzi. Angejuaje? Kwao vitu vyenye nyuzi kama zile ni madodoki ya kuogea. Alidhani ni madodoki ya baba mkwe yameoza. Akachemsha maji, akatia sabuni ya unga, akayafua, akayasuuza mara mbili na kuyaanika upya yakiwa meupe.

Jioni Mzee alirudi. Mwanawe ndiye aliyenihadithia. Alisimama mbele ya mkeka, akainama, akaokota kipande kimoja akakinusa. Mghoi akatoka jikoni akijifuta mikono.

"Baba, nimekufulia madodoki yako."

Mnajua heshima ya mkwe kwa Wakamba. Baba mkwe hamfokei mke wa mwanawe, hata nyumba ikiungua. Mzee alikiweka kile kipande mkekani, akasema, "Asante, mama. Yametakata kweli." Kisha akachukua moja akaenda kuogea, ili asionekane ana neno.

Kesho yake alikuja kazini mapema kuliko kawaida. Alikaa kwenye kreti bila kuvua koti. Aliponieleza nilielewa kwamba hamira ya vizazi vitatu imekufa kwa maji ya moto na sabuni. Tulijaribu yote mawili matatu tuliyoyaweza. Tulikwangua pipa, lakini lilikuwa limeoshwa kwa mvuke siku ile ile alipotoa vipande, kama ilivyo kanuni. Tukatafuta matunda mapya ya mwegea, Mzee akayaandaa kwa mikono yake, tukayachachusha kwa hamira ya paketi. Pombe ilipoiva aliimimina, akasimama kando yangu.

"Wakesho, iko?"

Nilisubiri. Nikasubiri zaidi ya ilivyo kawaida, nikatumaini. Ilikuwa safi, haina kosa hata moja, na haikurudi.

"Haiko, Mzee."

"Basi." Akaosha glasi mwenyewe. "Yule mtoto asiambiwe. Umenisikia? Asiambiwe kamwe."

Nikamuahidi.

Palibaki tumaini moja. Desturi yao ni kwamba rafiki akianzisha nyumba yake, unampa vipande vichache vya muratina yako aanze navyo. Zamani Mzee alimpa rafiki yake wa Chala siku ya arusi yake. Tulikwenda huko Jumamosi moja, mimi na yeye. Rafiki yake alitupokea vizuri sana, akatuketisha, akaanza kwa maombi marefu. Hapo nikajua. Alikuwa ameokoka miaka mingi iliyopita na kuvitupa vibuyu vyote. Mzee alimuuliza kuhusu vipande.

"Hivyo vyote vilikwenda na mambo ya kale, ndugu yangu. Mimi ni kiumbe kipya."

Mkewe, mama mnyamavu mwenye leso ya njano, alituletea chai, kisha uji wa mtama mchachu, mzuri ajabu, ambao mumewe aliusifu kuliko alivyotusifu sisi. Tulikunywa, tukashukuru, tukarudi Voi.

Hakutengeneza pipa jingine la kwake. Aliendelea kunifundisha mengine mpaka nguvu zikamwisha, akastaafu, na baada ya muda tukamzika. Pale kaburini Mghoi alilia kama mtoto wa kumzaa. Nilimshika bega, nikaubana mdomo wangu uliozoea kusema kila kitu ulichokionja.

Miaka iliyofuata mnaijua, kwa kuwa wengi wenu mlikuja wakati huo. Mlijiuliza kwa nini nakubali kila mwaliko wa posa kwa Wakamba, Mwatate, Voi, Taveta, popote. Sikufuata nyama. Palipomiminwa uki nilipiga funda, nikatoka nje kistaarabu nyuma ya nyumba, nikatema, nikasubiri. Nyingine zilikuwa nzuri mno. Moja, karibu na Mwatate, ilinifanya nishike ukuta, kisha haikufika. Sijui kama mtu anaweza kuililia ladha kama anavyomlilia mtu, lakini mimi niliililia ile, na mara nyingine sikujua ninalilia ladha au ninamlilia Mzee. Na ulimi nao unazeeka. Mwaka jana karafuu ilinipita mezani mara mbili, mkajifanya hamkuona. Niliona mlivyojifanya. Ndiyo sababu niliomba kustaafu kabla ya wakati: niliogopa kwamba hata nikiipata sitaitambua.

Siku ya kuniaga mlinipangia glasi bila majina, kama ilivyo desturi yetu kwa muonjaji anayeondoka, na ndoo ya kutemea mkaifunga utepe, jambo ambalo bado sijawasamehe. Ya kwanza nikaitaja, ya asali ya katani, kavu. Ya pili, ya viungo, na aliyeitengeneza amechoka na mdalasini. Ya tatu nilikosea, mkashangilia. Mlimleta pia Mghoi, nikafikiri amekuja kama familia ya Mzee tu. Alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Glasi ya nne ilikuwa na ukungu kidogo. Niliinusa mdomo umefungwa, kisha umefunguliwa. Gamba la mti. Moshi. Nikasema moyoni, wewe mama, jikaze kisabuni, umeshadanganyika mara nyingi. Nikatazama juu, nikamkuta Mghoi ananitazama.

"Mama," akasema, "iko?"

Sikujua aliyemfundisha swali hilo. Nikaiweka glasi mezani bila kuonja. "Umeitoa wapi hii?"

Akanieleza pale pale mbele yenu, wengine mkawa mnakula keki hamsikii. Kikundi cha akina mama wa kanisa lake kilitembelea wenzao wa Chala. Huko alipewa uji wa mtama na mama mmoja mjane, mwenye leso ya njano. Alipoupeleka uji mdomoni, harufu ilimsimamisha. Ilikuwa harufu ya koti la baba mkwe wake. Akamuuliza mama yule ametia nini. Mama yule akampeleka jikoni, akashusha chungu, akamwonyesha vipande viwili vya kahawia vyenye nyuzi. Mumewe alipookoka alimwambia avitupe, lakini vilikuwa zawadi ya arusi yake, na zawadi ya arusi haitupwi. Akawa anachachushia uji, na mumewe akausifu uji huo mpaka kufa kwake.

"Nilimwambia, mama, baba yangu alikuja hapa kuvitafuta," Mghoi akasema. "Akaniambia, 'Nakumbuka. Alimuuliza mzee wangu. Mimi hakuna aliyeniuliza.'"

Nikakumbuka ile chai, na ule uji mzuri ajabu. Nilikuwa nimekunywa bakuli mbili.

"Kwa hiyo ulijua?" nikamuuliza. "Kuhusu yale madodoki?"

"Nilijua wiki ile ile, mama. Bwanangu hajui kuficha uso. Baadaye nikawasikia usiku, yeye na babake, wakilisema hilo swali lenu. Iko, haiko." Akafuta macho kwa kiganja. "Na baba aliogea nayo. Kila siku, moja baada ya nyingine, mpaka yakaisha yote. Hakuniambia neno. Na mimi ningemwambia nini? Yeye alikuwa ananifichia, na mimi nikamfichia kwamba najua."

Kwa kipande kimoja alichopewa na mjane yule, Mghoi alitengeneza kwa mwaka mzima, akimwaga na kuanza upya, kwa maelekezo ya bwanake aliyemwona babake akitengeneza. Hajawahi kuonja hata tone. Hajavuka kizingiti cha kwao, na sikumwomba avuke. Alikuwa akiinua kifuniko, ananusa, kisha anakwenda kunusa lile koti la kahawia ambalo bado limeangikwa nyuma ya mlango.

"Sijui kama ni yenyewe," akasema. "Ni wewe tu uliyebaki unayejua."

Nikatafuna ugali wangu. Nikapiga funda. Mwanzo ulikuwa mkavu. Nikazungusha, nikapitisha pumzi. Nyuma yake palikuwa na kitu kidogo cha mtama ambacho Mzee hakuwa nacho, nikakipokea. Mkanisogezea ndoo yenu yenye utepe.

Nikameza. Kisha nikasubiri. Hata wa keki waliacha kutafuna. Nikasubiri, Mghoi akiwa ameushika mkono wangu kwa nguvu, nami nikiwaza kwamba labda ni ulimi wangu uliokufa, labda imeshapita na sikuiona.

Ikarudi. Polepole, kutoka nyuma ya koo, ikarudi kuchukua kofia yake.

"Iko," nikamwambia Mghoi. "Baba yako yuko."